Chupa ya Mzee Adolfu

"Nionyeshe tena," Inspekta Oswaldi alisema. "Polepole. Jifanye unamwonyesha mtu mjinga."

Daktari Cornelia hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na koti lake jeupe alikuwa amelivaa juu ya sweta mbili, maana Juni ya Sumbawanga haina adabu hata kwa madaktari. Alisogeza darubini mbele yake, akaweka kipande cha kioo chini ya lenzi.

"Huu ni utumbo mpana wa mgonjwa mwingine, mama wa Matai. Unaona nini?"

"Rangi ya kahawia."

"Vizuri. Sasa huu, kutoka chupa ya Mzee Adolfu, tuliyemkata kipande cha utumbo chenye uvimbe."

Oswaldi akafumba jicho moja. Kahawia haikuwepo. Kulikuwa na ubuluu tu, mistari na vidoti.

"Labda dawa yako imeharibika," alisema. "Nimesikia friji yenu ya mafuta ilizimika. Mji mzima hauna mafuta ya taa."

"Nilifikiri hivyo mimi pia. Nikaipima upya kwa vipande vyote, kichupa kilekile, siku ileile. Vyote vimeshika rangi isipokuwa hiki." Alichukua kichupa kidogo mno, kama cha manukato, akakishika kwa vidole viwili. "Hizi ni kingamwili, Afande. Za kawaida, zile za damuni mwako, huwa mchanganyiko, kila moja inashika kitu chake. Hizi zote zimezaliwa na chembe moja tu, kwa hiyo zote zinashika kitu kimoja. Hii inashika utumbo mpana wa binadamu. Utumbo wa mnyama inaupita kama haujui. Ikishika, naongeza dawa nyingine na pale iliposhika panakuwa kahawia."

"Kwa hiyo kilichomo kwenye chupa ya mzee si cha mtu."

"Ni cha nguruwe. Nilituma mtu machinjioni aniletee vipande vya mbuzi, ng'ombe na nguruwe, nikalinganisha. Kwa macho hutajua. Utumbo wa nguruwe unafanana mno na wetu."

Oswaldi aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Hakuwa mtu wa kukaa, na leo ndiyo kabisa. Nje, mbele ya lango la hospitali, watu walikuwa wamekusanyika tangu alfajiri wakijifunika mablanketi. Hawakuwa wagonjwa. Walikuja kuona pale ambapo, kwa maneno ya mjini, mumiani walikuwa wanatoa watu matumbo na kuyauza Zambia.

Daktari aliporipoti kwamba kipande cha mzee kimebadilishwa, mumiani naye akapatikana upesi. Aliitwa Selemani, mhudumu wa maabara hii, kijana mwembamba wa ukoo wa wafanyabiashara wa pale sokoni. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo. Baba yake ana lori linalokwenda Kasanga, na Kasanga ukivuka maji kidogo umefika ng'ambo. Dukani kwao polisi walikuta chupa tupu za hospitali zimepangwa chini ya kaunta. Katika mwaka ule wa kuwasaka wahujumu uchumi, mtu alifungwa kwa katoni moja ya sabuni. Selemani alikuwa na kesi ya matumbo ya watu shingoni. Kesho asubuhi gari la Mbeya lingempeleka gerezani, na kila askari pale kituoni alijua kwamba mtu anayeingia gerezani na jina la mumiani hasubiri hakimu. Wenzake wa selo humhukumu kwanza.

"Zile chupa za dukani?" Cornelia aliuliza.

"Wanapimia mafuta ya taa yakipatikana. Nusu ya maduka ya mji huu yanapimia kwa chupa zenu. Hilo limekwisha." Oswaldi akarudi kwenye meza. "Hiki kipande, hebu nikione chenyewe."

Cornelia akakitoa kwenye chupa kwa koleo, akakilaza kwenye sahani ya chuma. Kilikuwa cheupe, kimekakamaa kwa fomalini ya kuhifadhia, urefu wa kidole. Oswaldi alikigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Kuna jambo jingine," daktari alisema. "Sijalisema kwa sababu sijui maana yake. Utumbo una ngozi yake ya ndani, laini, yenye mikunjo. Hiki, ya ndani iko nje."

"Kimegeuzwa."

"Kama soksi."

Oswaldi aliacha kukigeuza. Alizaliwa Matai, kwenye nyumba ya matope yenye dada watano na jiko moja, na alijua ni nani duniani hugeuza utumbo kama soksi. Anayetaka kudanganya hukata, akatumbukiza, akakimbia. Anayegeuza anataka kusafisha. Na anayesafisha utumbo anataka uliwe.

"Nani anamuuguza Mzee Adolfu?" aliuliza.

Wodini, Mzee Adolfu alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na ukuta, blanketi hadi kidevuni. Tumbo lake lilikuwa limefungwa bendeji pana. Oswaldi alivuta kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Akamtajia. Mzee akaitikia kwa kichwa, ukoo aliujua. Wakazungumza Kifipa kidogo, habari za mvua zilizokwisha na ulezi uliokauka vizuri. Oswaldi alitamani kuuliza mara moja, mguu wake ulikuwa unachezacheza chini ya kigoda, lakini mzee wa watu huwezi kumvamia.

"Nani anakupikia, mzee?"

"Binti yangu Fransiska. Amekwenda nyumbani."

"Akakuacha peke yako?"

"Nilimtuma mimi." Mzee alifumba macho. "Tangu aondoke nalala vizuri. Kabla ya hapo nilikuwa silali."

"Alikwenda kufanya nini?"

Mzee alifumbua macho. Akauliza yeye, "Unajua kama alifika salama?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa anasikiliza bila haya, ndiye aliyesema kwamba ndugu zake yeye walichinja nguruwe Alhamisi kule kwenye mabanda ya kupikia ya hospitali, wakagawia kila aliyekuwa na mgonjwa, na kwamba huyu Fransiska alipewa fungu la matumbo, akashukuru sana. Ijumaa jioni alifunga mzigo wake, akaondoka.

Ijumaa. Oswaldi alishuka ngazi mbilimbili.

Mrakibu Basil, mkuu wa kituo, alimsikiliza akiwa amesimama, kofia kichwani, mikono nyuma.

"Nguruwe," alisema.

"Ndiyo, Afande. Na huyu kijana ni Mwislamu, nguruwe hamgusi."

"Mtu anayeuza utumbo wa binadamu ataogopa nguruwe? Oswaldi, umeanza kuzeeka." Basil alitazama nje, ambako mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini kwenye baridi, baibui jeusi, mgongo umenyooka. Alikuwa Zaitun, mama yake Selemani, na hakuwa ameondoka pale tangu mwanawe aingizwe ndani. "Kijana anaapa alifunga mlango. Ufunguo ni mmoja. Kama alifunga, basi ni yeye."

"Nipe dakika moja naye."

Selemani alitolewa mahabusu. Oswaldi hakumpa kiti.

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi?"

"Maabara, Afande."

"Hukwenda kuswali?"

Selemani aliinamisha kichwa.

"Mama yako yuko nje, amekaa kwenye barafu. Nimwite aje anijibu kama mwanawe anaacha Ijumaa?"

"Nilikwenda," Selemani alisema kwa sauti ndogo. "Nilichelewa. Niliurudishia mlango tu, sikufunga. Nilijua nikisema hivyo nafukuzwa kazi."

"Sasa unafukuzwa duniani." Akamgeukia askari. "Mrudishe."

Basil alikuwa amesikia yote. Hakubadilika uso. "Mlango wazi si ushahidi. Niletee huo utumbo wa mtu, wenyewe. Gari linaondoka asubuhi, uwe nao au usiwe nao."

Oswaldi alipowasha Land Rover, mlango wa pili ulifunguliwa. Zaitun akapanda, akakusanya baibui lake magotini.

"Mama, hii ni kazi ya polisi."

"Na mimi nimekuzuia? Endesha."

Alipaswa kumteremsha. Hakuwa na muda wa kubishana na mama wa mtu, kwa hiyo aliendesha. Njia ya Msanzi, kijijini kwa Mzee Adolfu, ilikuwa vumbi na mashimo, upepo ukisukuma gari ubavuni, nyasi zimekauka hadi upeo wa macho. Zaitun hakusema neno njia nzima. Vidole vyake vilihesabu tasbihi, vikimaliza vinaanza tena.

Nyumba ya Mzee Adolfu walionyeshwa na balozi wa nyumba kumi, ambaye alitaka kwanza kujua kama kuna shida, kisha akatembea nao ili asipitwe na shida hiyo. Fransiska alikuwa uani akipepeta ulezi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mabega mapana, nywele zimefungwa kitambaa. Aliona sare, akaweka ungo chini bila haraka.

"Karibuni. Baba vipi?"

"Mzima. Anauliza kama ulifika," Oswaldi alisema.

Uso wake ulilegea kwa furaha. "Nilifika. Mwambieni kazi imefanyika."

"Kazi gani, dada?"

Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anashangaa watu wazima kuuliza jambo hilo. "Nilizika kile kipande chake."

Balozi akaguna. Oswaldi akavuta pumzi ya kwanza nzuri tangu asubuhi.

"Nieleze ulivyofanya."

"Baba alipozinduka aliuliza, kilichokatwa kiko wapi? Nesi akasema kiko kwenye chupa, daktari anakisoma. Baba akalia, Afande. Sijawahi kumwona analia. Akasema, mimi nitalala Msanzi pembeni ya mama yenu, na utumbo wangu utalala wapi? Kwenye chupa, Sumbawanga? Hata kondo la mtoto tunalizika nyumbani. Nikasema nitakileta. Ijumaa nilikwenda kuomba. Nilibisha hodi mara nyingi, hakuna mtu, mlango umerudishiwa tu. Chupa ina jina la baba. Nikakitoa."

"Na nguruwe?"

"Nguruwe nini?"

"Uliyemweka ndani."

Sasa Fransiska ndiye aliyeonekana kumshangaa. "Ningeacha chombo cha watu kitupu? Nani anarudisha sahani ya jirani haina kitu? Nilikuwa nimepewa fungu la matumbo, nikachagua sehemu iliyonona, nikaigeuza, nikaiosha kwa majivu kabla sijaenda kuomba. Chumvi yenyewe haipatikani siku hizi, lakini nilitia. Nilidhani wanajifunza mambo ya utumbo. Nikasema basi wajifunze huu, tusiwe tumewadhulumu."

Oswaldi alimtazama mwanamke huyu aliyeioshea serikali nyama yake kwa majivu, akashindwa kuandika. Ilikuwa adabu, adabu tupu ya nyumbani, na ilikuwa imemtia kijana wa watu kitanzi.

Zaitun alikuwa amemtangulia kuongea.

"Mwanangu amefungwa kwa ajili ya hiyo chupa."

Fransiska hakuelewa. Zaitun akamweleza, bila kupandisha sauti: Selemani, ufunguo, mumiani, gari la Mbeya. Kadiri alivyoeleza, mikono ya Fransiska ilikuwa inajifuta kwenye kanga, inajifuta tena.

"Sikujua," alisema. "Wallahi mama, naapa kwa Bikira, sikujua. Nitakuja kusema. Nitawaambia wote."

"Maneno hayatoshi," Oswaldi alisema. "Mkubwa wangu anataka kukiona chenyewe."

"Nikifukue?"

"Ndiyo."

Fransiska alirudi nyuma hatua moja. "Hapana. Baba hajapona. Nilimwahidi kitalala pamoja na mama, ndipo na yeye apate usingizi. Nikikitoa leo, akafa usiku huu, nitamwambia nani?"

"Dada," Zaitun alisema, "wako amelazwa, anapewa uji, anafunikwa blanketi. Wangu kesho anakabidhiwa kwa watu watakaomuua. Mimi sikuombi kwa sababu ulikosea. Nakuomba kwa sababu hakuna mwingine wa kumwomba."

Upepo ulipeperusha makapi ya ulezi yakapita katikati yao. Oswaldi alijua angeweza kuamuru, sheria ilikuwa upande wake, na alijua pia kwamba angeamuru kama ingebidi. Badala yake alisema, "Daktari anahitaji kipande chembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Kilichobaki utarudi nacho kesho, mikononi mwako."

"Unaapa?"

"Naapa." Kuahidi hilo hakukuwa ndani ya mamlaka yake hata kidogo.

Kaburi la mama lilikuwa nyuma ya ghala la mahindi. Pembeni yake palikuwa na udongo mbichi, umesawazishwa kwa kiganja. Fransiska alikataa jembe la balozi. Alipiga magoti akachimba kwa mikono, na midomo yake ilikuwa inasema jambo ambalo hawakulisikia. Zaitun akapiga magoti upande wa pili, akawa anasogeza udongo usirudi shimoni. Kipande kilikuwa kimefungwa kwa jani la mgomba na kitambaa safi.

Gari la Mbeya lilikuwa linaunguruma mbele ya hospitali asubuhi, Selemani nyuma na pingu, askari wawili kushoto na kulia. Basil alikuwa amekubali kupitia pale, tena kwa sharti: injini haizimwi.

Cornelia hakuwa amelala. Aliweka kioo kimoja tu chini ya darubini.

"Kuna vipande viwili hapa, Afande, kioo kimoja, dawa moja, muda mmoja. Kushoto ni kilichokuwa kwenye chupa. Kulia ni cha Msanzi."

Basil alivua kofia, akainama. Alikaa hivyo kitambo.

"Cha kulia ni kahawia."

"Ni cha binadamu. Na ni cha Mzee Adolfu. Kina uzi mweusi niliofunga mimi mwenyewe chumba cha upasuaji, kuonyesha upande wa juu."

Basil akanyooka. Alimtazama Fransiska aliyesimama mlangoni na vumbi la Msanzi miguuni, na Oswaldi akauona mtazamo ule ukigeuka kabla ya maneno kutoka.

"Basi mwizi ni huyu. Taarifa imeshakwenda Mbeya kwamba naleta mtu mmoja. Kijana ashuke, mama huyu apande."

"Mwizi wa mali ya nani?" Oswaldi aliuliza.

"Ya serikali! Imetolewa maabara ya serikali."

"Nilimwona mzee jana jioni. Anasema yeye ndiye aliyemtuma bintiye. Nina maelezo yake, na alama ya dole gumba." Alimgeukia daktari, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Daktari, mlipokichukua, mlimwomba?"

"Alikuwa usingizini," Cornelia alisema. "Halafu... Hapana. Hakuna aliyemwomba."

"Wewe ndiye mlalamikaji katika kesi hii. Unalalamika?"

"Sina lalamiko. Hakikuwa changu."

Basil alimtazama Oswaldi kwa muda mrefu, kwa chuki ya kazini ambayo ingekuja kulipwa siku nyingine. Kisha akapiga kelele dirishani pingu zifunguliwe. Walimsikia Zaitun huko nje, sauti moja tu, kama mtu aliyemwagiwa maji, na umati ukaanza kuuliza kuna nini. Gari la Mbeya likaondoka bila mtu.

Oswaldi alikwenda kuwasha Land Rover. Alikuwa ameapa, na alitaka kumfikisha Fransiska Msanzi kabla mkubwa hajabadili mawazo. Aliiacha injini ikiunguruma, akarudi mlangoni kumwita.

Fransiska alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Cornelia alikuwa ameshika kifurushi chenye kile kipande, lakini hakikumtoka mikononi.

"Njoo kwanza utazame," daktari alisema.

"Mimi sijui kutazama hayo."

"Nitakuonyesha. Hii rangi huwa hafifu penye uzima na nzito penye ugonjwa. Nilitegemea uzito uishie hapa katikati, huku pembeni pawe hafifu. Unaona? Umefika mpaka ukingoni, pale kisu kilipopita."

Fransiska aliinama, akatazama, akainuka. "Maana yake nini, Daktari?"

"Maana yake tulikata, hatukumaliza. Ugonjwa mwingine umebaki ndani yake. Tulikuwa tunakusudia kumruhusu arudi nyumbani wiki hii."

Nje watu walikuwa wanashangilia jina la Selemani, walewale wa jana.

"Na nisingekifukua?"

"Nisingejua."

Fransiska alipokea kifurushi, akakiingiza kifuani, ndani ya kanga. "Atapasuliwa tena?"

"Akikubali. Safari hii nitamuuliza yeye."

"Tumuulize sote," Fransiska alisema. Alimpita Oswaldi mlangoni bila kulitazama gari, akaelekea wodini, na daktari akamfuata nyuma akivua miwani.

Oswaldi alisimama pale, kisha akaenda kuzima injini.